Nyumba na Safari: Rangi Ingoje, Breki Kwanza

Ndugu wasomaji, juma lililopita niliahidi kuandika juu ya uhamisho wa watumishi na taabu ya kuwaondoa watoto shuleni katikati ya muhula. Ahadi hiyo sijaisahau, nami nitaitimiza juma lijalo. Leo nimeona vema nitangulize habari ya safari nyingine. Safari hiyo ilifanyika mbali sana na kwetu, lakini ilianzia katika ugomvi wa mke na mume, na ugomvi wa namna hiyo hauna ugeni mahali popote.

Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, alikuwa sajini na dereva wa malori ya jeshi kabla ya kuhamia Marekani. Huko anaishi katika mji wa Chicago pamoja na mkewe na mtoto wao wa kiume. Mwaka 2022 alinunua motokaa ya mwaka 1966, ya milango miwili na injini ya silinda nane, iliyokuwa imelala bandani mwa mkulima mmoja kwa miaka mingi. Chapa yake sitaitaja, maana si kosa la kiwanda mtu akinunua kitu chenye umri wa miaka hamsini na sita. Akatangaza nyumbani kwake kwamba mwaka utakaofuata ataiendesha motokaa hiyo kutoka Chicago hadi pwani ya bahari ya Pasifiki, mwendo wa karibu kilometa 4,000, yeye na mkewe na kijana wao aliyekuwa na umri wa miaka kumi na saba.

Usiku mmoja shemeji akanipigia simu. "Shemeji," akasema, "nduguyo ameoa mke wa pili, naye ni wa chuma." Akanieleza kwamba fedha walizokuwa wakiziweka ili waje kumwona mama mkubwa zilikuwa zinamalizikia bandani. Akaongeza jambo lililonitia huzuni zaidi: kijana na baba yake walikuwa hawasemezani kwa muda wa miezi mitatu. Wakikaa mezani, kila mmoja hutazama sahani yake. "Wewe umesomea ualimu, tena ni mtumishi wa serikali," akasema. "Mwandikie. Atakusikia."

Ndugu msomaji, si jambo jepesi kumwonya mkubwa wako. Nami niliona haifai kumkataza mtu jambo ambalo mimi mwenyewe silijui. Kwa hiyo nilitafuta habari, kisha nikamwendea fundi mmoja mzee aliyestaafu katika karakana ya polisi, mtu aliyezaliwa kabla ya motokaa hiyo kuundwa.

Motokaa za namna hiyo Wamarekani huziita motokaa za misuli. Wengi huhesabu kwamba mwanzo wake ni Pontiac GTO ya mwaka 1964. Mhandisi John DeLorean na wenzake walichukua motokaa ya kimo cha wastani wakaitia injini iliyokusudiwa motokaa kubwa, yenye ujazo wa lita 6.4 na nguvu za farasi 325. Vijana waliipenda, na viwanda vingine vikafuata upesi. Lakini enzi hiyo haikudumu. Bima ilipanda bei, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikabana moshi wa injini, kisha upungufu wa mafuta ulioanza Oktoba 1973 ukamaliza mengine. Motokaa hizo ni walafi. Huweza kunywa lita 20 za petroli kwa kila kilometa 100. Mwenye kwenda kilometa 4,000 na apige hesabu ya lita 800 kabla hajafunga mzigo.

Na barabara aliyoichagua kaka ina historia yake. Ni ile Barabara Namba 66, iliyoanzishwa tarehe 11 Novemba 1926, hivyo mwaka 2026 ndio wa kutimiza miaka mia moja. Ilitoka Chicago hadi Santa Monica, ikipita majimbo manane: Illinois, Missouri, Kansas, Oklahoma, Texas, New Mexico, Arizona na California. Katika miaka ya 1930, ukame na vumbi vilipoharibu mashamba ya nyanda za kati, maelfu ya wakulima walifunga magodoro juu ya motokaa zao wakaifuata kuelekea magharibi kutafuta kazi. Baadaye zilijengwa barabara kuu mpya zilizonyoka, na mwezi Juni 1985 Namba 66 ilifutwa rasmi katika orodha. Hata hivyo, vipande vyake vingi vingali vinapitika, na wasafiri huviunganisha kwa ramani.

Nilipomweleza fundi habari hizi, hakuvutiwa na zile nguvu za farasi. Alinitazama akasema, "Usiniambie inakwendaje. Niambie inasimamaje."

Hapo ndipo darasa lilipoanza. Motokaa nyingi za Marekani za wakati huo zilikuwa na breki za dramu katika magurudumu yote manne. Breki hizo hushika vizuri mara ya kwanza na ya pili. Lakini kwenye mteremko mrefu, dereva akikanyaga bila kuachia, viatu vya breki hupata moto, na vikishapata moto havishiki tena. Dereva hukanyaga kwa nguvu zake zote na gari huendelea kwenda. Aidha, nyingi zilizoundwa kabla ya mwaka 1967 zilikuwa na njia moja tu ya mafuta ya breki kutoka silinda kuu, ile ambayo mafundi huiita masta. Gurudumu moja likivuja, yote manne hukosa breki kwa pamoja. Baadaye sheria ya Marekani ilitaka njia mbili, ili moja ikikatika nyingine ibaki. "Motokaa ya nduguyo," akasema fundi, "ina nyuzi moja inayoshikilia roho nne." Nilimwambia ni roho tatu. Akajibu, "Na yule atakayekutana nao njiani je?"

Jambo la pili ni joto. Rejeta iliyokaa miaka bila kazi hujaa kutu, na maji hayapiti. Katika jangwa, hata petroli huweza kuchemka ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na injini ikazimika pasipo kuharibika kitu. Wasafiri wa zamani wa Namba 66 walining'iniza mifuko ya turubai yenye maji mbele ya motokaa. Maji yalipenya kidogo kidogo kwenye turubai, upepo ukayakausha, na yaliyobaki ndani yakawa baridi, kama yanavyopoa ndani ya mtungi wa bibi. Ni akiba yao ya kunywa na ya kutia kwenye rejeta.

Jambo la tatu ni mafuta yenyewe. Injini zile ziliundwa kwa petroli yenye madini ya risasi, ambayo Marekani iliipiga marufuku katika magari ya barabarani tangu mwaka 1996. Petroli ya huko siku hizi mara nyingi huchanganywa na ethanoli, ambayo ni pombe, kwa kiasi cha asilimia 10. Pombe hiyo hulainisha mipira ya zamani. Hozi ya mafuta iliyodumu nusu karne huweza kupasuka kwa juma moja, na petroli ikidondokea injini ya moto, msomaji anajua kifuatacho.

Basi nilimwandikia kaka. Sikumkataza. Nilimwuliza maswali matatu tu: breki zina njia ngapi, hozi zina umri gani, na katika fedha alizokwisha kutenga, ni kiasi gani cha rangi na ni kiasi gani cha breki.

Majibu hayakutoka kwake. Yalitoka kwa kijana, katika Kiswahili cha kuokoteza lakini chenye adabu. "Shikamoo baba mdogo," aliandika. "Baba ameweka dola elfu nne za rangi nyekundu. Za breki hajaweka. Mimi nilimwambia breki ni mbaya. Aliniambia kwamba mtu ambaye hajawahi kushika usukani wa lori hawezi kumfundisha sajini. Tangu siku hiyo nimenyamaza kama alivyotaka."

Nilikaa na barua hiyo siku nzima. Kumbe ule ukimya wa mezani haukuwa utundu wa ujana. Kijana alikuwa amesema kweli, naye baba akaitupa kwa sababu imetoka katika kinywa kidogo. Ni wangapi kati yetu, ndugu wasomaji, hasa sisi tuliozoea vyeo, tumefanya hivyo hivyo? Kazini mdogo humtii mkubwa, na ni lazima iwe hivyo. Lakini ufa wa ukuta hauangalii cheo cha aliyeuona.

Nikampigia kaka simu. Mwanzoni alikasirika. "Mtoto ameniaibisha mbele ya ukoo," akasema. Nikamwomba radhi kwanza, kama ipasavyo, kisha nikamkumbusha jambo alilonifundisha yeye mwenyewe nilipokuwa mdogo, siku aliponipandisha kwenye lori lake. Kabla hajawasha injini alizunguka lori lote, akapiga kila tairi kwa fimbo, akachungulia chini kutafuta matone ya mafuta. Nilimwuliza kwa nini anapoteza muda, akanijibu kwamba askari asiyekagua chombo chake amekwisha kushindwa kabla ya kumwona adui. Nikamwuliza, "Kaka, jeshini lori lilipakwa rangi kwanza ndipo likakaguliwa?" Alinyamaza muda mrefu. Kisha akakata simu.

Majuma mawili yakapita. Shemeji akanipigia tena, safari hii akizungumza kwa kunong'ona. "Wako bandani wote wawili," akasema. "Rangi imeahirishwa. Wamelala chini ya hiyo motokaa tangu asubuhi, na wanabishana juu ya spana." Alisema neno "wanabishana" kwa furaha ya mtu aliyepata mgeni aliyemngoja siku nyingi.

Katika majira ya baridi walibadilisha silinda kuu wakatia ya njia mbili, wakaweka mabomba mapya ya breki, viatu vipya, hozi mpya za mafuta zinazostahimili ethanoli, rejeta iliyosafishwa, na mikanda ya usalama inayopita begani, maana ile ya asili ilifunga kiunoni tu. Matairi yalionekana mazima, lakini kijana alisoma tarakimu nne zilizopigwa ubavuni, mbili za juma na mbili za mwaka, akagundua yametimiza miaka kumi na mitano. Yakatupwa. Motokaa ilitoka Chicago mwezi Juni mwaka 2023 ikiwa na rangi yake ya zamani, kijani iliyopauka, na madoa ya kutu mlangoni.

Safari ilichukua siku kumi na nne, na hawakuzidi kilometa 300 kwa siku. Kila alfajiri kijana alishika karatasi na kusoma: maji, oili, mafuta ya breki, mkanda wa feni, matairi, taa. Baba alikagua na kuitika, "Tayari." Sajini alikuwa anapokea amri.

Huko Oklahoma, nje kidogo ya mji wa Luther, shemeji aliomba wasimame mbele ya jengo dogo la mawe. Ni kituo cha zamani cha mafuta kilichokuwa mali ya familia ya Threatt, Wamarekani weusi. Zamani, katika miji mingi ya barabara ile, mtu mweusi hakuuziwa chakula wala kupewa kitanda, hata kama fedha anazo mkononi, hata kama ni askari aliyerudi vitani. Kwa sababu hiyo Victor Hugo Green wa Harlem, aliyekuwa mpeleka barua wa posta, alianza mwaka 1936 kuchapisha kitabu cha kuwaelekeza wasafiri weusi mahali ambapo wangepokewa kwa salama. Mtumishi mdogo wa posta akafanya kazi ambayo dola yake haikuifanya. Sheria ya mwaka 1964 ilipiga marufuku ubaguzi katika hoteli na mikahawa, na toleo la mwisho la kitabu hicho lilikuwa la miaka 1966 na 1967. Shemeji aliniambia kwamba alisimama akatazama motokaa yao ya mwaka 1966, akafikiri: ilipokuwa mpya, watu wenye ngozi kama yetu waliokuwa wakiiendesha walibeba kitabu hicho ndani yake. Injini yenye nguvu nyingi haikumpa mtu mahali pa kulala.

Walivuka Texas, wakapita Adrian, mji mdogo unaojitangaza kuwa katikati ya safari. Walipanda nyanda za juu za Arizona mpaka Flagstaff, yapata meta 2,100 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini ya kabureta hukohoa, kama zilivyokohoa motokaa za zamani zilipopanda Kabale. Kisha, baada ya Kingman, wakaiacha barabara kuu na kushika njia ya zamani ya milimani kuelekea Oatman. Njia hiyo ni nyembamba, ina kona za kupinda kama kiwiko, na magari yenye urefu unaozidi futi 40 hayaruhusiwi kuipita.

Kaka aliteremka kwa gia ndogo, akiiacha injini yenyewe izuie gari, na breki aliigusa kwa vipindi. Ndivyo alivyofundishwa na ndivyo impasavyo kila dereva mteremkoni. Hata hivyo, kabla hawajafika chini, pedali ilizama ghafla chini ya mguu wake. Kifaa kidogo katika gurudumu la nyuma kilikuwa kimeanza kuvuja. Ile njia ya pili ikashika. Magurudumu ya mbele yaliisimamisha motokaa hatua chache kabla ya kona, upande mmoja jabali na upande mwingine bonde. Kijana alishuka mbio akaweka jiwe mbele ya gurudumu. Mama yake alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili na hakuweza kuiachia.

Walipumzika mpaka breki zikapoa, wakateremka pole pole hadi Oatman, mji wa zamani wa wachimba dhahabu ambako punda hutembea barabarani na kuchungulia ndani ya magari. Kesho yake kifaa kikapatikana, baba na mwana wakakitia wenyewe. Lakini jioni ile ile kaka alinipigia simu. Hakunieleza habari za milima wala za punda. Alisema maneno matatu: "Rangi ingetuua, ndugu." Kisha akamwita kijana aje kunisalimu, nami nikasikia akimwambia, kwa sauti ambayo sikuizoea kwake, "Njoo, mwanangu, umweleze baba mdogo jinsi ulivyojua."

Jangwa la Mojave walilivuka wakianza safari saa kumi alfajiri, kabla jua halijawaka, na siku ya kumi na nne wakaiona bahari huko Santa Monica.

Ningependa kuishia hapo, lakini ukurasa huu ni wa nyumba, na nyumba ina hesabu. Petroli, vifaa na malazi vilikula fedha zilizosalia, na ile safari ya kuja kwetu Desemba ikaahirishwa kwa mwaka mzima. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kumwambia mama mkubwa. Nilimwonyesha picha ya motokaa katika simu yangu. Aliitazama sana, akauliza kwa nini imechakaa namna ile. Kisha akasema, "Imekwenda mwendo wote huo. Mbona haikujua njia ya kuja huku?" Sikuwa na jibu. Nilimpelekea kaka swali hilo kama lilivyo, bila kulipunguza wala kuliongeza.

Wengi wenu, wasomaji wangu wa kambini na wa vituo vya polisi, hamtaiona barabara ile. Lakini uhamisho utakuja, na mtapakia watoto, kuku na makabati katika gari kuukuu la kuazima. Siku moja kabla ya kuondoka, dereva akanyage pedali ya breki na kuishikilia kwa muda wa kuhesabu sitini. Ikizama, gari lisiondoke. Msome tarakimu za matairi, mguse hozi kama zimelainika, mtazame kama pana tone chini. Na mtoto au mke akisema, "Nimesikia mlio," gari lisimamishwe kwanza, ubishi ufuate baadaye. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Aidha, kabla ya fedha ya akiba kuguswa, wenye nyumba wakae pamoja waulizane ni nani anayeingoja fedha hiyo mahali pengine.

Walikuja Desemba 2024. Niliwapokea Entebbe na gari la kukodi. Kabla mizigo haijapakiwa, kijana, ambaye sasa amempita baba yake kwa kimo, aliinama ubavuni mwa gurudumu kusoma tarakimu. Dereva wa gari akanuna, akasema watu wanachelewa. Kaka alisimama kando, mikono nyuma, kama askari aliye kwenye gwaride.

"Mwache akague," akasema. "Mama ametungoja miaka, atangoja dakika tano."